Namsagia mume wangu vidonge katika uji

"Shangazi, mume wangu ana sukari na presha. Tangu Ramadhani ameacha vidonge vya hospitali, kwani mama yake humletea dawa ya miti kutoka kwa fundi mmoja wa Micheweni na kumwambia kuwa miti haina madhara. Kwa hofu, humsagia vidonge vyake vya sukari kwa siri na kuvitia katika uji wa asubuhi. Je, nakosea?" Mke mwenye hofu, Wete.

Mwanangu, hofu yako ina msingi, lakini acha kusaga vidonge hivyo kuanzia leo. Mume wako sasa anatumia dawa mbili za sukari bila ya kujua, kwa sababu baadhi ya miti tunayoitumia sana, mwarobaini ukiwamo, nayo inaweza kushusha sukari. Ikiwa kidonge chenyewe ni glibenklamidi, ambayo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, basi sukari yaweza kuporomoka ghafla: atatoka jasho, atatetemeka, moyo utamwenda mbio, kisha ataanza kusema maneno yasiyoeleweka, na ninavyotujua, nyumba nzima itasema amepanda jini. Ukiziona dalili hizo, mkorogee vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji anywe, maadamu anaweza kumeza, na apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwani kidonge hicho hufanya kazi kwa saa nyingi na sukari yaweza kushuka tena. Ikiwa ni metfomini ile inayotoa dawa polepole, haifai kusagwa kabisa, maana dawa iliyokusudiwa kwa siku nzima humwingia kwa mara moja.

Ama kauli ya mama mkwe wako, siikubali. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia dawa ya kupunguza unene yenye miti ya Kichina waliharibikiwa na figo kwa sumu ya mmea wa jamii ya Aristolochia. Wala simdharau fundi, kwani hata metfomini asili yake ni utafiti wa mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa Ulaya tangu zamani. Ninachokiogopa ni kipimo: kidonge cha miligramu 500 ni hicho hicho leo na mwakani, lakini ukufi wa majani yaliyochumwa masika si lazima uwe na nguvu sawa na ule wa kiangazi, na dawa ikishasagwa unga huwezi kujua imechanganywa na nini. Vidonge navyo vina madhara yake, ila hayo yameandikwa, na daktari huyafuatilia kwa kupima damu na figo.

Lakini je, umemuuliza kwa nini aliviacha? Huenda ni tumbo, kwani metfomini huwasumbua wengi kwa kuharisha, hasa mwanzoni. Huenda pia ni jambo la chumbani ambalo mwanamume huona haya kumwambia hata mkewe, akavilaumu vidonge, ilhali sukari na presha zenyewe hudhoofisha nguvu za kiume, na baadhi ya dawa za presha huongezea. Yote mawili daktari anaweza kuyashughulikia, pengine kwa kubadilisha dawa tu. Mama yake hawezi.

Basi mwambie habari ya uji mukiwa wawili, si mbele ya mama yake, na ukubali akighadhibika, kwani ana haki. Kisha muende hospitali ya Wete kesho bila ya kuchelewa, kwa sababu sukari na presha zisizotibiwa nazo ni hatari. Chukueni vidonge vyote pamoja na chupa ya dawa ya miti, na mumwombe fundi majina ya miti aliyoitia. Mama mkwe naye mwalike mufuatane, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye mwanawe hunywa kiasi gani na mara ngapi kwa siku, na daktari atalitaka jawabu hilo kabla ya kuandika dawa yoyote.