Maswali na Majibu: Bei ya Maji na Bomba Lisilokauka

Mvua huletwa na Mungu. Kwa nini basi tutozwe maji? (Msomaji, Morogoro)

Kinachotozwa ni kazi ya kuyavuta maji mtoni, kuyasafisha, kuyasukuma kwa umeme na kuyafikisha nyumbani, na bei ya mamlaka za maji haianzi kutumika kabla ya kuidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kwangu mimi, swali zito zaidi ni nani anayelipa ghali. Asiye na bomba, akinunua ndoo ya lita 20 kwa shilingi 100, anakuwa amelipa shilingi 5,000 kwa uniti moja ya lita 1,000, kiasi kinachozidi kwa mbali ankara ya jirani yake aliyeunganishiwa. Ndiyo maana ruzuku inayoshusha bei ya uniti kwa wote huwanufaisha kwanza wale ambao tayari wana dira za maji. Ingekuwa haki zaidi fedha hizo zikagharimia maunganisho mapya na vioski vyenye bei elekezi.

Dar es Salaam ina Mto Ruvu. Mgao unatoka wapi? (Msomaji, Kimara)

Unatokana na huo huo mto. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolipatia jiji sehemu kubwa ya maji yake, imejengwa kuchota maji yanayopita, bila akiba kubwa nyuma yake. Mvua za vuli zilipochelewa mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha mto kilishuka na mgao ukatangazwa. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, limesanifiwa kuhifadhi takribani lita bilioni 190 ili maji yaachiliwe wakati wa kiangazi. Hata hivyo, bwawa haliwezi kuchukua nafasi ya misitu ya milima ya Uluguru, unakoanzia mto huo, kwa kuwa miteremko ikilimwa ovyo na miti ikakatwa, mvua hushuka kwa kishindo na tope, kisha vijito hukauka mapema. Kazi ya kulinda vyanzo hivyo ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na bodi za mabonde, kwa maoni yangu, zimekuwa zikikumbukwa zaidi katika hotuba kuliko katika bajeti.

Je, huduma ya maji tuwape wawekezaji binafsi? (Msomaji, Tanga)

Tulijaribu. Kampuni ya City Water ilikabidhiwa uendeshaji wa huduma Dar es Salaam mwaka 2003, na Serikali ikauvunja mkataba huo mwaka 2005. Mmiliki awe nani, mabomba yanayovuja na dira zilizochezewa zitaendelea kula mapato, na gharama hiyo hatimaye humwangukia mteja mwaminifu.

Pampu ya kijiji chetu imekufa na kamati inasema haina fedha. Tufanyeje? (Msomaji, Singida)

Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda RUWASA kusimamia maji vijijini, na uendeshaji wa kila siku uko mikononi mwa vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Dai kwanza taarifa ya mapato na matumizi isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Ikiwa fedha za ndoo zilikusanywa bila stakabadhi, hata pampu mpya haitadumu. Ikiwa ziliishia kwenye dizeli, peleka ofisi ya RUWASA ya wilaya ombi la kubadili mtambo utumie umeme wa jua, huku sehemu ya makusanyo ikitengwa benki kwa ajili ya matengenezo.