Jibu: Nina milioni 3, nilipe fremu ya mchele au nisubiri?

Salamu ndugu. Nimekuelewa hivi: una milioni 3, unataka kuuza mchele, mwenye fremu anadai kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na huu ni mwezi wa pili unapiga hesabu bila kuamua.

Usilipe fremu bado. Ya kwangu niliilipia baada ya kuiona siku ya gulio, watu wanapigana vikumbo. Jumanne nikafungua, hadi saa kumi jioni nimeuza kilo 4. Kwa hiyo kwanza kashinde pale siku mbili za kawaida, hasa jioni watu wakitoka kazini. Hesabu wanaopita wamebeba mchele, kisha uulize wamenunua wapi.

Halafu tenga kiasi ambacho hata kikipotea, nyumbani mtakula. Mimi nilitenga laki 3, nikanunua gunia moja, nikauzia majirani na mama lishe wawili. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mama lishe haanzi na bei: anachota kiganjani, anatafuta chenga na mawe, anang'ata punje asikie kama imekauka. Daftari langu la hesabu halikunionyesha hilo. Gunia likiisha ndani ya wiki na hela iko mkononi, si kwenye madeni, ongeza la pili.

TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA ni bure, chukua mapema. Halmashauri wataihitaji kwenye leseni. Kuhusu mkopo sina la kukushauri, sijawahi kukopa kwa biashara. Ukishahesabu watu pale, tuletee idadi.