Kidevu chako na lile sikio la Walungu

Mwanangu,

Jana kwenye simu uliniuliza kwa nini kidevu chako kimevutwa kulia. Daktari wa meno huko Lubumbashi alitaka kujua kama uliwahi kuanguka utotoni, ukakosa jibu. Nami nikasema "tutaongea", nikakata simu, na usiku sikulala.

Hukuanguka. Ni sikio.

Oktoba 1996 vita ilipoingia Bukavu tulitoka Kadutu kwa miguu kuelekea Walungu, wewe mgongoni, miaka 3. Mvua yote ilituishia mwilini. Huko ukashikwa na homa, sikio la kulia likatoa usaha. Nilipata vidonge vya siku mbili tatu. Usaha ukapungua, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Kisha ukaanza kukataa chakula, nikadhani ni deko. Mbele ya sikio palikuwa pamevimba, pana moto, na mdomo haukufunguka zaidi ya kijiko. Nikapasha mawese, nikakukanda. Sikujua.

Aliyenieleza ni daktari mmoja wa Bukavu aliyeipiga picha taya yako ukiwa na miaka 9. Kiungo cha taya kiko mbele tu ya tundu la sikio: weka kidole hapo, tafuna, utakisikia kinacheza. Kwa mtoto mdogo, mfupa unaovitenga huwa bado na kitundu ambacho kwa kawaida huziba akikaribia miaka 5. Usaha unaweza kupenya hapo. Ni jambo la nadra sana, masikio ya watoto wengi hupona bila makuu. Lakini ukiingia unakula gegedu, ile tishu laini inayofunika mfupa kwenye kiungo, kisha mfupa unaota mahali pake, taya inashikana na fuvu. Na taya ya mtoto hurefuka kutokea kwenye kiungo hicho hicho, kwa hiyo upande huo hubaki nyuma na kukivuta kidevu. Shangazi zako walikuwa wakililaumu shavu la kushoto kwa kuwa bapa. Kumbe upande mgonjwa ndio unaoonekana umejaa!

Sasa unajua kwa nini nilikukatia embe vipande hadi sekondari, na kwa nini matonge yako ya bugali yalikuwa madogo kama ya mtoto. Waliosema nakudekeza sikuwajibu.

Upasuaji wa kuachanisha mfupa upo, hata kwa mtu mzima. Mwulize huyo daktari. Baada yake kuna mazoezi ya kufungua mdomo kila siku kwa miezi, nayo yanauma. Wakati ule sikuwa na pesa, na baadaye nilipokuwa nazo nilishazoea kunyamaza. Hilo ni kosa langu, si la vita.

Kuhusu mjukuu wangu: umesema usaha unatoka tangu Jumatatu. Dawa aliyopewa aimalize, hata sikio likikauka. Usimtie mafuta sikioni. Akivimba mbele au nyuma ya sikio, hospitali siku hiyo hiyo. Shingo nayo ikipinda na kuuma, asikandwe wala asinyooshwe na mtu; pingili za juu huweza kulegea na kuteleza baada ya maambukizi ya sikio au koo. Mpeleke hivyo hivyo alivyo.

Leo jioni mwambie apange vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, aviingize katikati ya meno. Vyako huingia kimoja na nusu. Niandikie vyake vimeingia vingapi.

Mama yako