Mbwa mdogo gani atafaa nyumba yenye pilikapilika?

SWALI

Ndugu Mshauri, pokea salamu zetu. Tunaishi Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala: mimi, mume wangu, watoto watatu wenye umri wa miaka 12, 9 na 4, pamoja na binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mimi na mume wangu hutoka alfajiri ili tuwahi kabla ya msongamano wa magari ya kuingia mjini, na mara nyingi giza hutukuta tungali njiani tukirudi. Watoto wawili wakubwa hurudi kutoka shuleni saa 11 jioni, na yule mdogo hushinda na binti kuanzia mchana. Watoto wameomba mbwa kwa muda mrefu, nasi tumekubali kwa sharti kwamba awe mdogo. Mume wangu anamtaka Jack Russell kwa kuwa hambakizi mgeni bila kumbwekea, mimi nimevutiwa na Maltese mweupe wa jirani yetu, na mtoto wetu wa kwanza amekazania Chihuahua. Niongeze kwamba binti wetu ni Mwislamu, naye ametueleza kwa heshima kuwa hataki kulambwa na mbwa. Tumchague yupi?

Mama wa Watatu, Kyaliwajjala

JIBU

Mama wa Watatu, ahsante kwa kueleza ratiba ya nyumba yako waziwazi, maana wasomaji wengi huniandikia rangi na urefu wa manyoya wanayoyapenda bila kutaja ni nani anayebaki nyumbani mchana. Mimi huanzia hapo. Mashirika ya ustawi wa mbwa, kama Dogs Trust la Uingereza, hushauri mbwa mzima asiachwe peke yake kwa zaidi ya saa 4 hivi mfululizo, na ushauri huo haupungui uzito kwa sababu mbwa ana kilo 3 badala ya 30. Udogo wa mwili hupunguza gharama ya chakula na nafasi ya kulala. Haupunguzi upweke, haja ya kutembezwa wala idadi ya chanjo. Kwa hiyo, kabla hatujafika kwenye aina, tukubaliane kwamba mbwa wenu atakuwa na watu wawili wa kukaa naye hasa, yaani binti wakati wa mchana na mtoto wa miaka 12 kuanzia jioni, na kwamba aina itakayochaguliwa ni lazima iwafae hao wawili.

Nianze na pendekezo la mume wako, ambalo ningeliondoa kabisa. Jack Russell alipewa jina la kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, ambaye katika karne ya 19 alizalisha mbwa wa kuwafuata mbweha hadi mashimoni mwao. Mbwa huyo ana kilo 5 au 6 tu, lakini kila kitu ndani yake kimetengenezwa kwa ajili ya kukimbia, kufukua na kubweka chini ya ardhi mpaka mwindaji amfikie. Akifungiwa kwenye ua wa Kyaliwajjala kuanzia alfajiri hadi jioni, kipaji hicho hakitakufa. Atafukua bustani, atatafuna viatu na miguu ya viti, atabwekea kila bodaboda inayopita, na kufikia mwezi wa pili majirani watakuwa wameshakuja kulalamika. Ni mbwa mzuri sana kwa mtu mwenye shamba na miguu ya kutembea kila siku, na ninasikitika kuona wengi wakinunuliwa mjini kisha wakifungwa mnyororo kwa kosa la kuwa walivyozaliwa. Kama hoja ni kupata wa kuwashtua wageni, karibu kila mbwa mdogo hubweka mlangoni.

Chihuahua naye simpendekezi, na sababu yangu ni mtoto wenu wa miaka 4. Mbwa huyu, aliyepewa jina la jimbo la Chihuahua nchini Mexico, kwa kawaida hazidi kilo 3, na mifupa ya miguu yake ni myembamba kiasi kwamba kuruka kutoka kwenye kochi au kuponyoka mikononi mwa mtoto kunaweza kumvunja mguu. Mtoto wa umri huo hukumbatia kwa nguvu, huvuta mkia na hukimbilia mbwa aliyelala, naye mbwa mdogo anayejiona hana pa kukimbilia hujitetea kwa meno. Nyumba yenye watu wazima peke yao ingekuwa habari nyingine.

Anabaki Maltese wako, na hapa nakuunga mkono kwa masharti. Ana kilo 3 hadi 4, hupenda watu, hahitaji matembezi marefu na huridhika na ua mdogo. Naye pia ni mwepesi wa kuumia, kwa hiyo mtoto mdogo afundishwe kucheza naye akiwa ameketi chini, bila kumbeba, na wawili hao wasiachwe pamoja bila mkubwa. Kazi yake kubwa iko kwenye manyoya, ambayo hayaachi kurefuka na hujisokota yasipochanwa kila siku. Vifundo huanzia nyuma ya masikio, kwapani na pale ukosi unapogusa shingo. Kwa macho huvioni, mpaka upitishe vidole na kukuta bonge gumu lililoshikana na ngozi, ambalo kila mbwa akijinyoosha humvuta kama anayenyofolewa nywele. Mimi ningemnyoa manyoya yabaki na urefu sawa na upana wa kidole kimoja na kumrudisha kwa kinyozi wa mbwa kila baada ya wiki 6 hivi. Anapoteza ule urembo wa picha, lakini mnapata faida ambayo katika hali yetu ya hewa ni kubwa kuliko urembo: mnaweza kuwaona kupe.

Kuhusu kupe naomba unisome kwa makini. Hapa kwetu hakuna msimu wa baridi wa kuwapunguza, hivyo wapo mwaka mzima, na kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa ya damu yanayoweza kumuua mbwa mdogo kwa siku chache. Mtoto wako mkubwa ajifunze kumkagua kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu na chini ya mkia. Ajifunze pia kuinua mdomo wa mbwa na kutazama ufizi. Ufizi wenye afya ni wa waridi. Ukiwa mweupe, au mkojo ukiwa na rangi ya chai, mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, bila kungoja Jumamosi mnapokuwa na nafasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuuliza, nalo kwangu lina uzito kuliko aina: msinunue mtoto wa mbwa. Mtoto wa miezi 2 hawezi kuzuia haja kwa zaidi ya saa 2 au 3, hula mara 3 au 4 kwa siku, na akiwa wa aina hizi ndogo mno, kukosa mlo mmoja kunaweza kushusha sukari mwilini mwake hadi akaanguka na kutetemeka. Chanjo zake za awali huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, na katika muda huo wote hatakiwi kuzurura mahali wanapopita mbwa wasiochanjwa, kwa sababu ya ugonjwa wa kuharisha damu uitwao pavo. Nani katika nyumba yenu atafanya kazi hiyo? Mkimpa binti, mtakuwa mmemwongezea mtoto mwingine bila kumwongezea mshahara.

Tafuteni mbwa mzima, wa miaka 2 au zaidi, aliyekwisha kufundishwa kwenda nje kwa haja na ambaye tabia yake inaonekana. Maltese wa umri huo hupatikana kwa watu wanaohama nchi au wafugaji wanaopumzisha jike waliyekuwa wakimzalisha. Chotara mdogo wa kilo 7 hadi 10, mwenye manyoya mafupi na damu ya kienyeji, ndiye ambaye mimi ningemchukua kwanza kama nyumba ingekuwa yangu: manyoya yake hayahitaji kinyozi, na mwili wake unahimili zaidi mikono ya mtoto. Nendeni USPCA hapa Kampala, chama kinachohifadhi mbwa na paka waliotelekezwa na kuwatafutia makazi, mwende pamoja na watoto wote watatu, kisha mkae chini na kumtazama mbwa anavyomkaribia yule mdogo. Anayekuja mwenyewe, akanusa na kukaa, ana nafasi nzuri. Anayejificha au kukakamaa mwili mwacheni, hata akiwa mzuri wa sura.

Mkiamua kununua, mwoneni mbwa nyumbani kwa mfugaji, si ndani ya boksi kando ya barabara. Ombeni kadi ya chanjo na muisome: kila chanjo iwe na kibandiko kilichobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, tarehe, na sahihi ya daktari. Kadi yenye maandishi ya kalamu peke yake haithibitishi kitu. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3 na nashauri irudiwe kila mwaka. Mkiwa na shaka yoyote, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Makerere itamchunguza na kumchanja upya. Watoto nao waambiwe kwamba wakiumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote, hata huyu wa nyumbani, waseme papo hapo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waende hospitali bila kuchelewa.

Kuhusu binti, msikilizeni kama alivyowasikiliza. Mate ya mbwa kwake ni najisi inayomlazimu kujitakasa kabla ya sala, na hawezi kuwa anafua nguo kila adhuhuri kwa sababu yenu. Mbwa awe na sehemu yake barazani, yenye kivuli na lango dogo la kumzuia asiingie jikoni. Vyombo vyake visichanganywe na vya nyumba. Kulisha, kuosha na kuchana kuwe kazi ya familia, asubuhi kabla ya kutoka na jioni. Aombwe jambo moja tu, kufungua lango hilo mchana ili mbwa atoke uani, na aulizwe kabla mbwa hajaja. Akisema hata hilo haliwezi, basi kwa sasa msichukue mbwa. Akikubali, mleteni mwanzoni mwa likizo ya Desemba, watoto wakiwa nyumbani, ili apate wiki kadhaa za kuzoea watu na mipaka ya ua kabla ya shule kufunguliwa.

SWALI

Mshauri, mimi ni mwalimu hapa Gulu, ninaishi peke yangu na hurudi nyumbani kila saa 7 mchana. Ninataka kununua Pug. Je, atalimudu joto la huku?

Mwalimu, Gulu

JIBU

Mwalimu, ratiba yako ni nzuri kwa mbwa, lakini Pug usimnunue. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi; hutegemea kuhema, na Pug, kwa pua yake iliyobonyea, ana njia finyu ya kupitisha hewa hata akiwa kivulini. Januari na Februari za Gulu zitamtesa, na utalazimika kumfungia ndani kuanzia asubuhi hadi jua litue. Shih Tzu ana kasoro hiyohiyo. Chagua mbwa mdogo mwenye pua ndefu na manyoya mafupi, na mbwa wa kienyeji mwenye umbo dogo atakufaa vizuri. Rafiki yako akikupa Pug kama zawadi, mtembeze kabla ya saa 1 asubuhi, mvalishe mkanda wa kifuani badala ya ukosi, usimwache anenepe, na ukiona anakoroma huku ulimi umegeuka zambarau, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, na umkimbize kwa daktari wa mifugo.