Makocha weusi na ile nafasi ya pili: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kitu kimoja, ajira za makocha na mabosi weusi kwenye mpira wa kulipwa. Nimechukua yale yaliyorudiwa sana, mengine nayajibu kwa kirefu mengine haraka haraka, na niseme mapema tu kwamba kwenye hili mimi nina upande.

Swali: Kaka, EPL ukiangalia uwanjani weusi wamejaa, mbona kwenye benchi hatuwaoni?

Umeona vizuri ndugu yangu, na namba zipo. Mwaka 2022 umoja wa wachezaji weusi wa England unaoitwa Black Footballers Partnership ulitoa ripoti ya mchumi Stefan Szymanski, wakakuta weusi ni asilimia 43 ya wachezaji wa EPL ila kwenye kazi za umeneja, zile ambazo kawaida wanapewa wachezaji wastaafu, ni asilimia 4.4 tu. Pengo kama hilo haliji kwa bahati mbaya.

Sasa inatokeaje? Fikiria timu imefungwa mechi nne mfululizo, Jumapili usiku kocha katimuliwa, Jumatano mpya anapiga picha na skafu. Hapo katikati hakuna tangazo la kazi, hakuna usaili wa maana, kuna mkurugenzi ana majina matatu manne kwenye simu yake na wakala mmoja anayempigia kila nusu saa, na hayo majina ni ya watu aliocheza nao, waliofundisha na rafiki yake, au waliowahi kufukuzwa sehemu nyingine wakabaki wanajulikana. Kama wewe haupo kwenye ile simu hata ungekuwa na CV ya kurasa kumi hakuna atakayeisoma. Hakuna haja ya mtu kusimama kwenye kikao aseme simtaki mweusi, utaratibu wenyewe unamaliza kazi kimya kimya, na ndo maana ni ngumu kumshika mtu mkono.

Na hili ni la zamani sana. Tony Collins alikabidhiwa Rochdale mwaka 1960, mweusi wa kwanza kufundisha timu kwenye Football League (ligi za kulipwa za England), na mwaka 1962 akaipeleka timu ya daraja la nne fainali ya League Cup. Daraja la nne bana! Alipotoka pale hakupewa tena timu ya kwake, zaidi ya kushika kwa muda Bristol City, maisha yake mengi yaliyobaki akafanya uskauti.

Swali: Labda hawana leseni? Ukocha siku hizi ni shule.

Hapana. Ripoti ile ile ilikuta weusi ni asilimia 14 ya wenye UEFA Pro, ambayo ndo leseni ya juu kabisa Ulaya. Linganisha na ile 4.4. Yani shule wameenda, vyeti wanavyo, kazi ndo haziji, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kijana akiona kaka zake wamemaliza kozi wakakaa nyumbani miaka, na yeye anaona bora akawe mchambuzi wa TV tu, alafu baadae watu wanasema mbona hawaombi.

Swali: Hiyo Rooney Rule ni nini hasa na imesaidia chochote?

Kwanza haimhusu Wayne Rooney, wengi wanachanganya. Inatoka Marekani kwenye NFL, ule mpira wao wa helmeti, na jina ni la Dan Rooney aliyekuwa bosi wa Pittsburgh Steelers. Kilichoanzisha ni hiki, mwanzoni mwa 2002 makocha wawili weusi walitimuliwa ndani ya muda mfupi, Tony Dungy pale Tampa Bay na Dennis Green pale Minnesota, na wote wawili walikuwa wamezoea kuzifikisha timu zao mtoano. Mawakili wawili, Johnnie Cochran na Cyrus Mehri, wakatoa ripoti mwaka huo huo kuonyesha kwamba makocha weusi wanashinda zaidi lakini ndo wa mwisho kuajiriwa na wa kwanza kufukuzwa. Ligi ikaona kesi inanukia, mwaka 2003 ikaweka sheria kwamba timu ikitafuta kocha mkuu lazima ifanye usaili na angalau mtu mmoja kutoka jamii za wachache. Mwaka huo huo Detroit Lions wakamchukua Steve Mariucci bila kuifuata, bosi wao akapigwa faini ya dola 200,000.

Imesaidia? Mwanzoni ndiyo, tena sana. Msimu wa 2006 makocha wakuu weusi walifika saba, na Februari 2007 Super Bowl, yani fainali ya ligi hiyo, ikawa Dungy na Colts yake dhidi ya Lovie Smith na Bears, haikuwahi kutokea kabla kocha mweusi hata mmoja kufika pale na siku hiyo walikuwa wawili. Lakini timu zikajifunza kuizunguka. Unamchagua mtu wako kimoyomoyo, unamuita mweusi mmoja kukamilisha fomu, unampa maji na saa mbili za maongezi, kwaheri.

Ushahidi mzito wa hilo ni kesi ya kocha mweusi Brian Flores. Januari 2022 Miami Dolphins walimfukuza baada ya misimu miwili mfululizo ya kushinda mechi nyingi kuliko alizofungwa, akaitwa usaili na New York Giants. Siku tatu kabla ya usaili anapokea meseji kutoka kwa Bill Belichick, aliyekuwa kocha wa New England Patriots, inampongeza kwa kupata kazi ya Giants. Flores anauliza, unamaanisha mimi au Brian Daboll (mzungu aliyekuwa anaiwania kazi hiyo hiyo)? Belichick akagundua katuma kwa Brian mwingine, akaomba radhi. Kwahiyo Flores akavaa suti akaenda kwenye usaili wa kazi ambayo alishajua ina mwenyewe. Tarehe 1 Februari akafungua kesi dhidi ya ligi na timu kadhaa, Giants wakakanusha wakasema walimfikiria kwa haki, ila zile meseji kila mtu alizisoma. Siku anafungua kesi, kocha mkuu mweusi kwenye ligi nzima ya timu 32 alikuwa mmoja tu, Mike Tomlin wa Steelers. Miaka 19 ya sheria, tumetoka saba tumerudi mmoja.

Bado sisemi ifutwe. Bila sheria hata ule usaili mmoja usingekuwepo, na kuna watu walionekana kwa mara ya kwanza kupitia huo mlango. Tatizo ni kuifanya iwe ndo mwisho wa safari.

Swali: Mbona makocha wote wanafukuzwa tu, hata wazungu? Mnalialia.

Swali hili limekuja kwa maneno makali na nimefurahi limekuja, kwasababu hapa ndo penyewe. Kufukuzwa ni sehemu ya kazi, hakuna anayebisha. Mimi naangalia kinachofuata baada ya kufukuzwa, nani anapewa timu nyingine ya hadhi ile ile na nani anaanza upya kutoka chini, au haanzi kabisa.

Chukua Jim Caldwell, kocha mweusi kule NFL. Detroit Lions, timu ambayo kwa miongo ilikuwa jina lingine la kufungwa, aliifundisha misimu minne 2014 mpaka 2017, akashinda mechi 36 akafungwa 28, akaifikisha mtoano mara mbili. Msimu wa mwisho kashinda 9 kafungwa 7, wakamtimua kwamba wanataka kupanda zaidi ya hapo. Wakamleta Matt Patricia, mzungu, hajawahi kuwa kocha mkuu popote, akashinda 13, akafungwa 29, akatoa sare moja, akatimuliwa katikati ya msimu wa tatu. Caldwell aliitwa usaili huku na kule na hakuna aliyempa timu. Soma hizo namba tena taratibu, 36 kwa 28.

Rudi England. Paul Ince mwaka 2008 akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kupewa timu EPL, Blackburn, wakamtoa Desemba mwaka huo huo, hajapata timu ya EPL tena. Chris Hughton alishika Newcastle iliyoshuka daraja ikiwa na vurugu ndani na nje, akairudisha EPL kwa pointi 102, wakampiga Sunderland 5-1 mwezi wa kumi 2010, mwezi wa kumi na mbili timu ipo katikati ya msimamo wakamfukuza. Darren Moore alipokea West Brom inayozama Aprili 2018, akamfunga Manchester United pale Old Trafford, akachukua tuzo ya kocha bora wa mwezi EPL, msimu uliofuata Championship (daraja la pili) timu ipo nafasi ya nne wanamtimua Machi. Kazi yake iliyofuata ilikuwa Doncaster, daraja la tatu. Jamaa hakulalamika, akaenda, baadae akaipandisha Sheffield Wednesday mwaka 2023 baada ya kugeuza kipigo cha 4-0 kwenye mtoano, na hata hapo hakudumu mwezi, wakaachana kabla msimu mpya haujaanza.

Kwahiyo dada au kaka uliyeuliza, sisi hatuombi mtu asifukuzwe. Tunataka akifukuzwa ahesabiwe kama wengine.

Swali: Lakini Kompany yupo Bayern, Vieira kafundisha EPL. Si mwenye uwezo anapata?

Kompany namheshimu sana, kashuka daraja na Burnley 2024 na bado Bayern wakamchukua, akabeba Bundesliga 2025. Hiyo ndo nafasi ya pili ninayoisema, na angalia ilivyolipa. Ila mmoja akipita haimaanishi mlango uko wazi, mara nyingi anayepita alikuwa staa wa dunia kama yeye au Vieira au Ruud Gullit aliyekuwa mweusi wa kwanza kufundisha EPL pale Chelsea 1996. Mzungu aliyecheza daraja la pili miaka kumi anaweza kuwa kocha wa kawaida na akaendelea kupata kazi. Mweusi wa kawaida hana hiyo njia.

Na hata ustaa hautoshi kila mara. Raheem Sterling alilisema hili hadharani 2020, akawalinganisha Lampard na Gerrard na wenzao wa rika lile Sol Campbell na Ashley Cole. Lampard alianzia Derby inayopigania kupanda, Gerrard akaanzia Rangers, Campbell akaanzia Macclesfield iliyokuwa mkiani kabisa mwa daraja la nne. Akaiokoa isishuke, na klabu yenyewe 2020 ikafungwa na mahakama kwa madeni.

Kule NFL kuna Eric Bieniemy, mweusi aliyekuwa mratibu wa mashambulizi wa Kansas City kuanzia 2018, Super Bowl mbili, usaili zaidi ya timu kumi, hakuna aliyempa. Kisingizio kikawa kwamba mipango ni ya bosi wake Andy Reid. Sawa, lakini Doug Pederson na Matt Nagy, wazungu waliokaa kiti hicho hicho chini ya Reid huyo huyo mbona wote walipewa timu?

Swali: Na ofisini je, wakurugenzi na maCEO?

Huko ndo pabaya zaidi, ile ripoti ya 2022 ilikuta asilimia 1.6 kwenye uongozi na umiliki. FA ya England ilitoa mwongozo Oktoba 2020, kwamba kwenye ajira mpya za juu asilimia 15 ziende kwa weusi, Waasia au machotara, na za ukocha asilimia 25, lakini klabu ilikuwa inajiunga kwa hiari yake. Ukitaka kuona ofisi inaweza kufanya nini muangalie Ozzie Newsome, GM (meneja mkuu anayesimamia usajili) wa kwanza mweusi NFL, Baltimore walimpa cheo hicho 2002 wakamuachia muda wa kutosha, akawapa Super Bowl Februari 2013 na kabla hajapumzika akamchagua mchezaji Lamar Jackson 2018. Anayeajiri akibadilika, majina kwenye ile simu nayo yanabadilika.

Swali: Mbona hata Afrika tunaajiri wazungu? Tuanzie nyumbani.

Kweli kabisa na inauma. Kombe la Dunia 2018 kocha mweusi alikuwa Aliou Cissé wa Senegal peke yake kati ya timu 32. AFCON iliyochezwa Januari 2024 Ivory Coast wenyeji wamepigwa 4-0 na Equatorial Guinea, kocha Mfaransa Jean-Louis Gasset akaondoka, timu akapewa msaidizi wake Emerse Faé, na wakati Faé keshakabidhiwa shirikisho lilijaribu kumuazima Hervé Renard aliyekuwa na timu ya wanawake ya Ufaransa. Ufaransa wakakataa. Faé ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa akamtoa Senegal, Mali, DR Congo, fainali akaifunga Nigeria 2-1. Kama Ufaransa wangesema ndiyo leo tusingemjua. Qatar 2022 lakini timu zote tano za Afrika zilikuwa na makocha Waafrika, na Regragui akaifikisha Morocco nusu fainali, kwahiyo kisingizio cha uzoefu naona kimeshakufa.

Swali: Mdogo wangu anakaribia kustaafu kucheza, anataka ukocha. Utamshauri nini?

Leseni aanze sasa hivi akiwa bado anacheza. Akipewa kazi ya usaidizi asikubali kuwa yule wa kuchangamsha vijana na kupanga koni miaka yote, aombe kazi ya mbinu, mipira iliyokufa, uchambuzi wa video, kwasababu wanaoajiri wanatafuta mtu wa mbinu na ndo huko weusi wanapangwa wachache. Kazi ya kwanza akipewa timu inayozama asikatae moja kwa moja ila aangalie mmiliki huyo kafukuza makocha wangapi ndani ya miaka mitatu na aliwapa madirisha mangapi ya usajili. Na fidia ya kuvunja mkataba iandikwe vizuri kabla hajasaini, apitie na mwanasheria wake mwenyewe, asitumie wa klabu.