Niutoni 30 zinaishia wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu alitupa visanduku vitatu vilivyopangwa vikigusana juu ya uso usio na msuguano: cha kwanza kina masi ya kilo 6, cha pili kilo 3, cha tatu kilo 1, na cha kwanza kinasukumwa kwa kani ya niutoni 30. Niliandika kwamba kila kimoja kinakisukuma kinachokifuata kwa niutoni 30, nikapata sifuri. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Goma)

JIBU: Ndugu msomaji, kosa lako ni kuidhania kani kuwa mzigo unaopokezanwa mkono kwa mkono. Kama kisanduku cha kwanza kingekisukuma cha pili kwa niutoni 30, basi cha pili nacho kingekirudishia kani hiyohiyo, na cha kwanza, kikibanwa kwa 30 nyuma na 30 mbele, kisingeongeza mwendo hata kidogo.

Anza na visanduku vyote kama kitu kimoja cha kilo 10. Gawanya kani, 30, kwa masi, 10, upate mchapuko (yaani kiasi ambacho mwendo unaongezeka kila sekunde) wa mita 3 kwa sekunde mraba, ambao ni uleule kwa vyote vitatu kwa kuwa vinakwenda pamoja. Sasa tazama mgusano wa kwanza na ujiulize kilicho mbele yake ni nini: kilo 3 na kilo 1, yaani kilo 4, ambazo hazina kingine kinachozisukuma ila mgusano huo. Kwa hiyo kani yake ni 4 mara 3, niutoni 12. Zile 18 zilizobaki ndizo zinazokichapusha kisanduku cha kwanza chenyewe, maana 6 mara 3 ni 18. Mgusano wa pili una kilo 1 tu mbele yake, hivyo niutoni 3.

Msukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, aliyezoea mawe ya volkeno ya Goma atacheka akisikia habari ya uso usio na msuguano, na ana haki; mwalimu ameuondoa ili hesabu iwe nyepesi.

Geuza sasa, usukume kwa niutoni 30 zilezile kutoka upande wa kisanduku cha kilo 1. Mchapuko haubadiliki, lakini mgusano uliokuwa na niutoni 3 unabeba 27, kwa kuwa mbele yake sasa kuna kilo 9, na ule wa 12 unabeba 18.