Rungu kando ya gia

Swali: Daktari, naendesha matatu Barabara ya Jogoo. Tangu nipokonywe simu dirishani kwenye foleni, nimeweka rungu kando ya gia, kwa usalama tu. Kondakta wangu anadai siku hizi nagombana na kila mtu wa boda. Je, rungu linaweza kumbadilisha mtu, au ni uchovu? – Dereva, Nairobi

Jibu: Kondakta wako ana macho. Ni yote mawili, ila uchovu ndio unaotangulia.

Mwaka 1967, Leonard Berkowitz na Anthony LePage waliwajaribu wanafunzi wanaume 100 wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Kila mmoja alipigwa shoti ndogo za umeme, 1 au 7, akiambiwa ndizo maksi za kazi yake alizopewa na mwenzake. Kisha zamu ikageuka, naye akampa mwenzake shoti. Baadhi walikuta bunduki na bastola mezani, wengine raketi za badminton, wengine meza tupu. Waliopigwa shoti 7 kisha wakakaa karibu na silaha ndio waliorudisha shoti nyingi zaidi. Waliopigwa 1 hawakubadilishwa na silaha. Kumbe bunduki haikumpandisha hasira mtu aliyetulia. Ilimsukuma aliyekwisha kuchokozwa. (Waliorudia jaribio hilo hawakupata jibu lilelile wote, kwa hiyo sisemi rungu lako lina uchawi.)

Sasa jiulize wewe hupigwa shoti ngapi kabla ya saa nne asubuhi. Hesabu ya mwenye gari haijafika, kanjo wako mbele, injini inakuchoma magoti. Zamani wanasaikolojia waliona chanzo cha ugomvi ni mtu kuzuiwa asipate anachokitaka. Baadaye Berkowitz alipanua: karaha yoyote yatosha, iwe maumivu, kelele au joto. Huko Phoenix, Arizona, gari lilisimamishwa makusudi taa ikiwa ya kijani. Kadiri jua lilivyokuwa kali ndivyo madereva wa nyuma walivyopiga honi, hasa waliofungua madirisha. Utafiti huo ulitoka mwaka 1986, lakini ungedhani ni City Stadium saa nane mchana.

Basi kuanzia wiki ijayo, lifungie rungu kwenye buti wiki mbili. Ukifika Muthurwa, shuka, unywe maji, usimame kivulini gari likijaza. Kondakta aweke alama kwenye karatasi yake ya tripu kila unapogombana na mtu. Aanze wiki hii, rungu likiwa bado hapo kando ya gia, ili tuwe na cha kulinganisha. Kisha niandikie.